Mtoto ana wiki 5, nimpe nyonyo au nimwache? Mnaojua njooni

#1 MamaWaKwanza
Habari za usiku wakuu. Msinicheke, ndo wa kwanza huyu. Nina mtoto wa kiume ana wiki tano na siku mbili, ananyonya maziwa yangu tu sijampa kitu kingine chochote. Shida yake ni moja, hataki kuachia titi. Ananyonya anashiba mpaka maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo, analala, nikisema sasa nimlaze nikaoge au nile, nikichomoa tu chuchu anaamka kama nimemchoma sindano. Nikimrudishia hanyonyi, anaishikilia tu mdomoni anaichezea kwa ulimi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku mimi ni kukaa kitandani nimeegemea ukuta. Leo nimekula ugali kwa mkono mmoja, samaki nimechambuliwa na wifi kama mgonjwa.

Sasa jirani kaniletea zawadi ile nyonyo, ya silikoni, ina kifuniko chake na kikamba. Kasema mpe tu utapumzika. Mama mkwe yupo hapa toka nijifungue, kaiona mezani kaishika kwa vidole viwili kama kashika mjusi aliyekufa, akasema mjukuu wake hanyonyeshwi plastiki. Mume wangu dereva wa malori, yuko Tunduma foleni haijasogea toka juzi, nikimpigia anasema fanyeni mtakavyoona. Sasa mimi ntaona nini usiku huu jamani?

Na likizo inakwisha, zimebaki siku 47 nimezihesabu. Nimpe au nisimpe?

#2 mkaka_wa_Tabata
Wiki tano unampa mtoto nyonyo?? Dada yangu utamharisha huyo mtoto, yale mafuta mtu mzima akinywa anashinda chooni.

#3 chuma_ulete
@2 hahahaha kaka soma vizuri, ni nyonyo ya kunyonya sio mafuta ya nyonyo. Yani umekurupuka na mbarika zako mkononi.

#4 mkaka_wa_Tabata
Aaah samahanini. Sisi kwetu hiyo ni chuchu bandia. Naendelea kusoma kimya kimya.

#5 Bint_Unguja
Pole mwaya. Mie nna wane, wawili wamenyonya hiyo kitu, wawili hawakutaka hata kuiona, na wote baba mmoja mama mmoja. Kwa hivyo asije mtu akakwambia ni lazima au ni haramu. Ila kabla hujampa jiulize kwanza, huyo mtoto kashiba kweli? Wangu wa pili nilidhani uchu tu, kila saa yuko titini, kumbe alikuwa anashika ncha ya chuchu badala ya kuingiza mdomoni ile sehemu nyeusi, anavuta anavuta anapata kidogo anachoka analala, akiamka bado ana njaa. Nilikwenda nae mizani siku ya chanjo ya wiki 6 yule bibi wa kliniki akanitazama hivi, akaniambia mwanangu hebu kaa hapo umnyonyeshe nikuone. Dakika kumi tu alinipakatisha upya, mtoto akabadilika. Sasa ningempa hiyo nyonyo si ningemziba mdomo akae na njaa yake?

#6 wambo_254
Hongera mama, na pole na usingizi. Huku Nakuru tunaita pasifaya, cucu wangu, yaani nyanya yangu, yeye anaita kidanganyo. Nilimpa wa kwanza akiwa na wiki sita na aki nitasema ukweli, hiyo siku nililala masaa matatu mfululizo nikaamka nikashtuka nikadhani kuna kitu mbaya imefanyika. Sikuwahi kujuta. Shida ilikuja baadaye, alipofika mwaka na nusu tukasahau pasifaya nyumbani tukienda Kericho na matatu. Gari mzima ilijua jina la mtoto wangu kufikia Molo.

#7 msomi_wa_mtaa
Acheni kumdanganya dada wa watu. WHO walishapiga marufuku nyonyo, na kuna sheria ya kimataifa kabisa inayokataza hizo vitu kuuzwa. Ukienda hospitali yoyote iliyo rafiki wa mtoto wakikukuta nayo wanakunyang'anya.

#8 NesiMstaafu
Msomi kuna ukweli humo ila umeuchanganya na chumvi. Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi ngoja nikuweke sawa.

WHO na UNICEF walitoa zile Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, na mpango wa hospitali rafiki wa mtoto ukaanza 1991. Hatua ya 9 kweli ilisema mtoto anayenyonya asipewe chuchu bandia wala nyonyo. Tulizibandika ukutani, na kunyang'anya kweli tulinyang'anya, mimi mwenyewe nilikuwa na droo imejaa. Lakini mwaka 2018 wakazipitia upya na hatua ya 9 ikalegezwa, sasa hivi inasema mama ashauriwe juu ya matumizi na madhara ya chupa, chuchu na nyonyo. Kushauriwa na kupigwa marufuku si kitu kimoja. Na ile kanuni ya kimataifa unayoisema nadhani ni ya 1981, ile inahusu kutangaza na kusukumia watu maziwa ya kopo pamoja na chupa na chuchu zake. Haisemi anayekutwa nayo akamatwe.

Kwanini tulikuwa tunakataa: titi linatengeneza maziwa kwa kadri linavyonyonywa. Mtoto mchanga anatakiwa anyonye mara 8 mpaka 12 kwa siku usiku na mchana, akipewa nyonyo kila akilia zile mara zinapungua, na titi nalo linapunguza. Halafu dalili za njaa za mtoto ni kupapasa kwa mdomo, kujilamba, kupeleka ngumi mdomoni. Ukishamziba hizo dalili huzioni.

Mama mwenye uzi nijibu mawili. Anakojoa mara ngapi kwa siku? Na uzito toka azaliwe umeongezeka kiasi gani? Akiwa anakojoa mara sita au zaidi na anaongeza nusu kilo au zaidi kwa mwezi basi maziwa yanamtosha, hapo ndo tuongee habari ya nyonyo.

#9 MamaWaKwanza
Asante sana mama nesi. Nepi sihesabu ila ni nyingi, kamba ya nguo nje imejaa vitambaa vyake tu vingine vinaanikwa ukutani kwa jirani. Alizaliwa na kilo 3.1, alipofikisha mwezi nilimpima duka la dawa la hapa mtaani wakasema 4.2, ila mizani yao siiamini maana walishaniambia mimi nina kilo 49.

#10 chuma_ulete
Hiyo mizani nielekeze ilipo, kuna mtu wangu anaitafuta

#11 Mama_Chausiku
Samahani manesi na wasomi ila huyo mtoto ana mchango. Mbona dalili zote hizo? Analia jioni, anajikunja, hataki kulazwa. Wala sio uchu wala njaa, tumbo linamuuma ndo maana anatafuta ziwa kujiliwaza. Mfunge kitambaa tumboni na umpe dawa ya kienyeji ya mchango kijiko kimoja asubuhi na jioni, wiki moja tu utanishukuru.

#12 wambo_254
Kijiko ya nini tena wiki tano? Si mtoto hadi miezi sita ni maziwa ya mama pekee? Hata maji hapana.

#13 Mama_Chausiku
@12 sisi tumelelewa na hizo dawa na tupo.

#14 NesiMstaafu
Mpo mliopo Mama Chausiku, wasiokuwepo hawawezi kuandika hapa. Usimpe kitu dada.

Huko kulia jioni kuna kipindi chake, kunaanza wiki ya pili hivi kunapanda mpaka karibu na wiki ya sita halafu kunashuka taratibu, miezi mitatu minne wengi wanakuwa wametulia. Huyu ana wiki tano na ushee yani yuko kileleni kabisa. Na watoto wengi jioni wananyonya mfululizo bila kituo, wengine tunaambiana wanajiwekea akiba ya usiku. Sio kila kilio ni ugonjwa.

#15 kijana_wa_Ilala
Mimi bibi yangu angeshasema kabemendwa, yani eti wazazi wamelala pamoja mtoto akiwa bado mchanga

#16 chuma_ulete
@15 baba yupo Tunduma kwenye foleni ya malori, labda abemende kwa simu

#17 Bint_Unguja
Jamani tuheshimu uzi wa mtu. (Lakini nimecheka.) Ila kuna jambo moja mbaya zaidi ya mchango na kubemendwa, kuna watu mtoto akilia lia hivi wanamkimbiza kwa mtu wa mtaani wanasema ana meno ya nailoni yang'olewe, au kimeo kikatwe. Dada akija mtu na hilo mfukuze hata kama ni shangazi.

#18 Mswahili_wa_Aarhus
Salaam kutoka Denmark. Huku hiyo kitu ni ya kawaida kabisa, mtoto kuonekana bila nyonyo ndo watu wanashangaa. Wamefika mahali wana miti maalum bustanini, mtoto akifika miaka mitatu hivi anapelekwa na wazazi anaitundika nyonyo yake kwenye tawi pamoja na barua fupi, anaaga, ndo mwisho. Copenhagen kuna bustani ina mti umejaa manyonyo ya kila rangi kwa utepe.

Kuhusu faida ambayo hakuna aliyeitaja hapa: chama cha madaktari wa watoto wa Marekani (AAP) toka 2005 wanashauri mtoto apewe nyonyo wakati wa kulala kwa sababu inazuia vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kwa anayenyonya wanasema usubiri kwanza unyonyeshaji ukae sawa. Na hilo la kupunguza maziwa, kuna mapitio ya 2016 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya) yamekusanya majaribio hayakuona tofauti ya kunyonya mpaka miezi minne kati ya waliopewa na wasiopewa. Kwa hiyo mama nesi kwa heshima zote, ile droo yako ilijaa bure.

#19 chuma_ulete
Mti umening'inizwa vitu vya watoto kwa utepe?? Mkuu huku kwetu ukiukuta mti wa hivyo hugeuki nyuma, unakimbia mpaka nyumbani na unaingia ndani kinyumenyume

#20 NesiMstaafu
@18 mwanangu wa Denmark droo yangu iache. Hayo mapitio nayajua, akina mama waliochukuliwa ni wale walioshaamua kwa dhati kunyonyesha na wana wa kuwashauri wakikwama. Mama anayerudi sokoni wiki ya sita akamwachia dada wa kazi mtoto na nyonyo hakuwemo mle. Na hiyo ya vifo usiseme inazuia. Imeonekana wanaolala nayo wanapatwa kidogo kuliko wasiolala nayo, na mpaka leo kwanini iko hivyo kuna maelezo mengi hakuna lililokubalika. Kikubwa ni mtoto alazwe chali, pasiwe na mito na mablanketi ya kumfunika uso.

#21 Mswahili_wa_Aarhus
Hapo kwenye neno inazuia nimekubali. Kwenye droo bado.

#22 Mama_Mapacha
Naomba nichangie, mimi wangu walizaliwa wiki 32, mmoja kilo 1.6 mwingine 1.4. Tulikaa wodi ya watoto njiti karibu mwezi na nusu, wanalishwa kwa mrija wa puani, mimi na mama yangu tunapokezana kuwafunga kifuani kangaruu. Pale ndo nilijifunza kwamba kunyonya na kula ni vitu viwili tofauti. Nesi mmoja kijana alikuwa ananiambia mama kamua kwanza yote, halafu mpe titi tupu anyonye huku maziwa yanapita kwenye mrija. Nikawa naona mtoto ana ukubwa wa kiganja mrija puani lakini kidevu kinacheza kinacheza, na akinyonya hivyo anatulia. Nikaambiwa hiyo inamsaidia kujifunza na wanaotumia hata nyonyo hospitali nyingine kwa njiti wanatoka wodini mapema. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kunyonya bila kupata maziwa ni uongo au ni kumdanganya mtoto. Ni hitaji lake. Swali ni anyonye nini tu.

MamaWaKwanza jaribu hilo, wa kwako akishashiba mpe lile ziwa ulilomaliza.

#23 MamaWaKwanza
@22 dada Mapacha pole na hongera, umenitoa machozi. Ila tatizo langu ndo hilohilo, titi lililoisha ndo analolalia masaa sita. Mimi mwenyewe ndo nimekuwa nyonyo.

#24 Baba_Watatu
Nami niingie kama mwanaume maana naona mnaandika kama vile nyonyo haina gharama. Wa kwetu wa pili alipewa. Wiki ya kwanza raha. Ya pili tukagundua kwamba hawezi kulala bila nayo, na ikimdondoka anaamka. Na inadondoka kila baada ya dakika ishirini. Sasa fikiria saa tisa usiku, umeme umekatika, mimi nimeingia ndani ya chandarua nusu mwili nje nusu ndani, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, napapasa kwenye shuka natafuta kidude cha silikoni ambacho hakina rangi. Hakina rangi! Nani alibuni kitu cha kutafutwa gizani akakifanya cha kuona ng'ambo? Mke wangu ananiongoza toka upande wa pili "angalia mgongoni kwake", nageuza mtoto, ndo kaamka moja kwa moja. Nikanunua nne nikawa nazimwaga kitandani kama karanga ili mkono wowote ukienda upate moja. Asubuhi unazikuta zote nne chini ya kitanda zimejaa vumbi na moja ina sisimizi.

#25 wambo_254
@24 hiyo ya sisimizi imeniua. Na mkipata imeanguka chini mlikuwa mnaosha ama mnalamba mnarudisha?

#26 Baba_Watatu
@25 swali linalofuata tafadhali

#27 Mswahili_wa_Aarhus
@24 mkuu ulijitesa. Ushauri ni kwamba akishalala ikidondoka huna haja ya kumrudishia. Unampa wakati wa kulala tu basi.

#28 Baba_Watatu
Huo ushauri mwambie yeye.

#29 Fundi_Meno
Mimi niko upande wa meno. Watu wanaogopa sana kwamba nyonyo inaharibu meno, ukweli kwa mtoto mchanga hana meno ya kuharibu. Shida ni wale wanaoendelea nayo mpaka miaka mitatu minne, hao tunawaona meno ya mbele juu na chini hayakutani, akifunga mdomo panabaki duara kama mlango wa mzinga. Akiacha mapema mara nyingi panajirudi penyewe. Kitu kingine ni masikio, kuanzia miezi sita kwenda juu wanaotumia sana wanapata maambukizi ya sikio zaidi, kwa hiyo ule umri ni wa kuanza kupunguza. Na kwa wanaosema bora anyonye kidole gumba, kidole kinafanya uharibifu uleule ila gumba huwezi kulificha kabatini.

#30 kijana_wa_Ilala
Nilinyonya gumba mpaka darasa la tatu. Mama alinipaka pilipili, nikajikuna jicho. Nimemaliza.

#31 Bint_Unguja
@30 maskini. Sisi kwetu shubiri ndo dawa, hiyo hata titi linaachishwa nayo. Unapaka kidogo tu, mtoto akionja anakunja uso anakutazama kama umemsaliti.

#32 Mama_Chausiku
Kama atampa basi achovye kwenye asali kidogo, mtoto ataipokea haraka. Asali ni dawa hiyo haina ubishi.

#33 NesiMstaafu
Ina ubishi mkubwa! Asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja HAPANA. Inaweza kuwa na vimelea ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana navyo vikamletea sumu ya kulegeza mwili, anakuwa mlegevu kama kitambaa mpaka kupumua kunashindikana. Mtu mzima haimdhuru ndo maana watu hawaamini. Sukari nayo usichovye.

Na hiyo nyonyo kama atatumia ichemshwe kwenye maji dakika tano kabla ya kutumia mara ya kwanza, baada ya hapo ioshwe kila ikidondoka, ikionyesha ufa au ikianza kunata itupwe. Baba Watatu nimeona ulivyokwepa swali.

#34 Mama_Chausiku
Sawa kwenye asali nimeelewa, sikujua. Kwenye mchango sijabadilika.

#35 Kadogo_Lshi
Jambo kwenu wote. Mie niko Lubumbashi, huku tunaita tetine, ndugu zangu wa Tanzania hiyo jina la nyonyo nimeisikia leo. Niko na neno moja tu juu ya ile kamba. Dada ya kwetu alikuwa anafunga tetine na kamba ya viatu kwenye shingo ya mtoto, juu isipotee. Siku moja mtoto alikuwa kwenye kitanda, kamba ikashika kwenye mbao ya pembeni. Alilia kidogo, kisha akanyamaza. Ile kunyamaza ndo ilishtua mama yangu, alikuwa inje anapika bukari. Alikimbia akaikata na kisu ya jikoni. Mtoto yuko, sasa anasoma. Lakini shingoni alibakia na alama nyekundu juma nzima. Kamba ya shingo, apana kabisa.

#36 wambo_254
Woi. Hiyo imenipata tumbo.

#37 MamaWaKwanza
Nimesoma ya Kadogo nimeenda kuikata ile kamba sasa hivi, mama mkwe kaniona na mkasi akauliza nafanya nini nikamweleza, kwa mara ya kwanza kaniitikia vizuri. Halafu akasema "sasa ikate na yenyewe".

Mnisaidie na hili la kazi. Nauza duka la vitenge Kariakoo, bosi kasema nikirudi ni saa mbili mpaka saa kumi na mbili. Nikiwa sipo si atalia kutwa? Ndo jirani alikuwa anasema aizoee nyonyo mapema.

#38 Mama_Mapacha
@37 kwanza ujue haki yako. Likizo ya uzazi ni siku 84 (mapacha 100, mimi nilizimaliza wodini nusu), na sheria ya ajira ya 2004 inasema anayenyonyesha apewe nafasi ya kwenda kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Unaweza kutoka mapema au mtoto akaletwa. Ongea nae mapema, sio siku ya kurudi.

#39 chuma_ulete
Bosi wa Kariakoo na masaa mawili. Nipeni kiti nikae niangalie.

#40 wambo_254
Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inataka hadi kuwe na chumba ya kunyonyesha kazini. Kwetu kazini hiyo chumba iko, na ndio store ya mafagio na ndoo.

#41 NesiMstaafu
Cha muhimu anza kujifunza kukamua kama wiki mbili kabla, na huyo atakayebaki na mtoto ajifunze kumnywesha kwa kikombe kidogo, sio chupa. Mama mkwe wako mkalishe umfundishe huyo, anaweza kukushangaza, wazee mikono yao mitulivu. Nyonyo haimlishi mtu, ukiwa haupo mtoto anahitaji maziwa kwanza.

#42 msomi_wa_mtaa
Nimerudi. Nakubali ya 2018 sikuijua. Lakini wingi wa komenti hapa mtu wa kwanza bado hajajibiwa, ampe au asimpe?

#43 Bint_Unguja
Kajibiwa mara kumi. Majibu yenyewe ndo hayafanani.

#44 Baba_Watatu
Mimi nasema asimpe, kwa usalama wa ndoa.

#45 Mswahili_wa_Aarhus
Mimi nasema ampe, jioni tu akishashiba, uzito wake uko vizuri.

#46 NesiMstaafu
Mimi nasema apimwe kwanza kwenye mizani ya kweli.

#47 Mama_Chausiku
Mchango.

#48 MamaWaKwanza
Wakuu nimerudi, samahani nilipotea siku kumi. Mrejesho.

Kliniki ya wiki 6 tumeenda, kaning'inizwa kwenye mizani kwenye kile kikaptula, 4.6, kalia kliniki nzima ikageuka, nesi kasema anakula huyu. Nimenyonyesha mbele yake kasema nampakata vizuri ila nisiiname, nimlete yeye kwangu, mgongo umepona kidogo.

Nyonyo nimempa. Niliichemsha, nikangoja jioni kashiba, nikamwekea. Kaivuta mara mbili, katulia, macho kayatoa akaniangalia, halafu kaisukuma kwa ulimi ikaruka mpaka kwenye mkeka. Nikarudia, kaitema. Siku ya tatu kanyonya kama dakika tano nikakimbia kuoga, narudi namkuta kwa mama mkwe mgongoni kafungwa kanga kalala fofofo, nyonyo siioni. Nimeuliza nimeambiwa "sijui, labda panya". Toka hapo jioni bibi anambeba, anazunguka nae uani anamwimbia, mimi nakula kwa mikono miwili. Sijui ni mgongo wa bibi, sijui ni wiki zimepita, maana hata kilio chenyewe kimepungua. Mama Chausiku najua utasema nini.

Baba yake karudi juzi. Kaleta zawadi ya mtoto toka Tunduma. Nyonyo mbili.

#49 chuma_ulete
Panya wa nyumba hiyo leo hawalali

#50 Mama_Chausiku
Kumfunga mgongoni tumbo linapata joto. Mchango unatulia. Sijasema kitu mimi.

#51 mama_wa_Kigamboni
Habari zenu, mimi ni mgeni nimesoma uzi wote toka mwanzo. Wangu ana mwaka na miezi minne, anayo nyonyo na hataki kuiacha, tumemwambia paka kaichukua sasa kila akiona paka analia anamfukuza anataka arudishiwe. Nifungue uzi mwingine au niendelee hapahapa?

#52 Bint_Unguja
Endelea hapahapa. Huyo paka wa nani?